Kibao Hakisomwi Mara Mbili: Uhakiki wa Istilahi za Barabarani

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki istilahi za vitabuni: za sayansi, za sheria na za utawala. Istilahi za namna hiyo msomaji huzikuta ameketi. Asipoielewa moja hurudi nyuma, hufungua kamusi, au humwuliza mwenziwe. Safari hii tumeonelea vema kuzitazama istilahi ambazo msomaji wake hana nafasi hiyo hata kidogo, nazo ni zile zinazoandikwa katika vibao vya barabarani. Tutafuata barabara moja ijulikanayo na wengi, itokayo Dar es Salaam na kupita Morogoro na Mikumi hadi Iringa, safari ya takriban kilomita 500.

Kwanza hatuna budi kukubaliana juu ya kipimo. Basi au lori liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kibao kikianza kusomeka kwa umbali wa mita 60, dereva anazo sekunde zisizotimia tatu za kukisoma, kukielewa na kukitii. Kwa hiyo kipimo cha istilahi ya barabarani si ufasaha peke yake, wala si asili ya neno. Kipimo ni hiki: je, neno lina maana moja tu kwa dereva, na maana hiyo humfikia kabla ya gari kufika? Neno lenye maana mbili mahali pale linapotumika, hata likiwa zuri namna gani, ni hatari sawa na shimo.

Tuanzie Ubungo. Hapo pana daraja la juu lililofunguliwa mwaka 2021, kama lilivyo lile la Tazara lililofunguliwa mwaka 2018. Huenda mtu akauliza, daraja gani hilo lisilovuka maji? Lakini neno daraja katika lugha yetu limebeba pia maana ya ngazi na ya cheo, wala halikufungwa na mto. Istilahi hii ni fupi, inaonekana kwa macho, na haina mshindani ila neno la kigeni. Tunaikubali.

Hatuwezi kusema hivyo juu ya mwendokasi. Kwa muda mrefu neno hili limekuwa jina la kosa: dereva hukamatwa na kutozwa faini kwa mwendokasi. Mwaka 2016 mabasi yenye njia yao maalumu yalipoanza kazi jijini, yalipewa jina rasmi la Mabasi Yaendayo Haraka. Hilo si jina bali ni maelezo, na abiria hawaiti kwa maelezo kondakta akiwa mlangoni. Wakachukua neno lililokuwa karibu, na tangu hapo mwendokasi ni basi. Sasa mgeni kutoka bara akiambiwa kwamba ile ni "njia ya mwendokasi", anaweza kudhani kwa nia njema kabisa kwamba ni njia ya magari yenye haraka, akaingia. Kosa hapa si la wananchi. Ni letu sisi tunaotunga majina marefu, kisha tukashangaa yanapoachwa. Kwa kuwa basi limekwisha kulitwaa neno hili, tunashauri vibao viliachie. "Punguza mwendo" ilitosha tangu zamani, na inatosha hata leo.

Liko neno jingine lililopata maisha ya pili nje ya barabara, nalo ni mchepuko. Katika miaka ya 2010, kampeni ya kupambana na UKIMWI iliwahimiza watu "kubaki njia kuu", na mpenzi wa nje ya ndoa akaitwa mchepuko. Tangu hapo, kila mafundi wanaposimamisha mshale na kuandika neno hilo, abiria huangua kicheko. Wako watakaotaka neno libadilishwe kwa sababu ya aibu hiyo. Sisi hatuoni sababu. Hakuna dereva anayeuona mshale wa mchepuko kando ya lundo la kifusi akadhani anaelekezwa kwa mpenzi. Mahali linapotumika maana yake ni moja, na kicheko hakijapata kupindua gari. Tukipima kwa kipimo chetu, mwendokasi imeshindwa na mchepuko umefaulu.

Tukifika Kimara twakutana na istilahi nzito kuliko zote, yaani hifadhi ya barabara. Kuhifadhi ni kulinda kitu kisidhurike. Lakini katika istilahi hii hifadhi ni ukanda wa ardhi wa kila upande ambao mwananchi haruhusiwi kujenga. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka upana wa mita 60 kwa barabara kuu na za mikoa, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati, na katika sehemu hii ya Barabara ya Morogoro ulidaiwa upana mkubwa zaidi ya huo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi. Hatusemi kwamba istilahi ndiyo iliyozibomoa. Mambo hayo yana sheria zake na mahakama zake. Tunachouliza ni jambo la lugha. Mtu anayetaka kununua kiwanja akisoma maneno "hifadhi ya barabara", anaambiwa nini? Haambiwi kwamba amekatazwa, wala haambiwi ukanda huo unaishia wapi. Neno linataja kinacholindwa, nalo linamficha anayeonywa. Zaidi ya hayo, mbele ya Morogoro barabara hii hii hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na huko neno lile lile linamtaka dereva awaangalie tembo na twiga. Tunapendekeza istilahi ibaki katika sheria, lakini kibao kiseme wazi: "Usijenge", kisha kitaje idadi ya mita.

Turudi nyuma kidogo, kwenye vijiji vya njiani, ambako gari hutakiwa kushuka hadi kilomita 50 kwa saa na ambako tuta hutawala. Hili ni neno la mkulima: tuta la viazi limehamia katika lami bila kamati yoyote, na kila mtu alilielewa siku ile ile. Upungufu hauko katika neno bali katika namna tunavyoliandika. Vibao vingi husema "Matuta mbele", hata pale penye tuta moja tu. Lugha yetu imetupa ngeli, na ngeli hutaja idadi bure bila kuongeza neno. Dereva aliyeonywa kwa wingi huvuka tuta la kwanza akangoja la pili lisilokuwapo. Akidanganywa hivyo vijiji kumi, katika kijiji cha kumi na moja hangoji tena, na hapo ndipo la pili lilipo. Kadhalika, madereva hutofautisha tuta na rasta, yaani ile mistari myembamba iliyoinuka ambayo hulitetemesha gari bila kulirusha. Vibao vingi havitofautishi. Dereva anayetazamia rasta akakuta tuta huvunja springi, na pengine shingo ya abiria wa kiti cha nyuma. Neno rasta halikutoka kwetu, lakini linafanya kazi ambayo hakuna neno letu linaloifanya. Lipokewe.

Kitenzi kinachotusumbua zaidi ni kupita. "Usipite" ina maana gani? Usiingie njia hii, au usilitangulie gari lililo mbele yako? Na "Pita kushoto" je? Ni amri ya kushika upande wa kushoto, au ni ruhusa ya kumpita mwenzako kwa kushoto, jambo ambalo laweza kuua? Dawa imo ndani ya sarufi yetu wenyewe. Ukisema "Usilipite gari", kiambishi kimoja cha mtendwa kimeondoa shaka yote. Na kwa amri ile ya pili, "Shika kushoto" hakina maana ya pili mbele ya usukani.

Amri hiyo hiyo ilipoandikwa zamani kwa Kiingereza katika visiwa vya katikati ya mizunguko, wasomaji walidhani ni jina la mahali, na ndipo tukapata kipilefti. Tunaikumbusha kwa sababu inafundisha: kinachoandikwa katika kibao hakiishii katika kibao. Huingia vinywani, na baada ya kizazi kimoja huingia katika kamusi.

Tumalizie Kitonga, ambako malori huteremka kwa gia ndogo huku breki zikinuka. "Mteremko mkali", "kona kali": mfasiri mwoga angeandika kona iliyopinda kupita kiasi. Lakini kisu ni kikali, jua ni kali, mbwa ni mkali, na vyote humtaka mtu ajihadhari. Aliyesema kona kali kwa mara ya kwanza alitafsiri hofu pamoja na umbo. Huo ndio ufundi tunaoutaka.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila istilahi ya barabarani isomwe na madereva gari likiwa katika mwendo kabla ya kuidhinishwa mezani. Pili, maneno ya madereva, makondakta na mafundi yakusanywe kwanza, na kutunga kuje baadaye. Tatu, idara zote zinazosimamisha vibao zitumie orodha moja, ili tuta la mkoa huu liwe tuta la mkoa ule. Sisi tunaotunga istilahi tunaweza kusahihisha kosa katika toleo lijalo. Aliyekisoma kibao vibaya hawezi kulingoja.