Gari la Mchukuzi Liko Wapi? Kupanga Ada ya Wabeba Taka Lamu

Katika jedwali la vibali vya biashara ambalo serikali za mitaa za Kenya zililizoea kwa miaka mingi na kaunti zikalirithi, wachukuzi hupangwa kwa idadi ya magari. Mwenye magari zaidi ya 30 ni mkubwa. Mwenye 6 hadi 30 ni wa kati, mwenye 2 hadi 5 ni mdogo, na chini kabisa yuko mchukuzi wa kujitegemea, mwenye gari 1. Sasa lichukue jedwali hilo uvuke nalo hadi Amu, mji wa kisiwa cha Lamu, usimame mtaa wa Langoni alfajiri kabla milango ya maduka haijafunguliwa. Punda anatokea kichochoroni na shogi mgongoni, limening'inia mbavu zote mbili, limejaa vifuu vya nazi, vichwa vya samaki, majivu na chupa za maji. Njia ni nyembamba, anayekuja mbele hana budi kubana mgongo ukutani mpaka punda apite. Nyuma yake yuko kijana mwenye fimbo. Huyo ndiye mchukuzi wa kujitegemea. Gari lake liko wapi?

Nimeanza na jedwali kwa sababu ada ya mbeba taka hushinda au hushindwa pale kwenye safu ya kipimo, kabla hata bei haijaandikwa. Watu hugombana juu ya shilingi ngapi. Ugomvi unaofaa ni juu ya kinachohesabiwa: mtu, chombo, safari, gunia, au nyumba ilikotoka taka yenyewe.

Kipimo cha magari kina historia yake, nayo si mbaya. Kabla ya mwaka 1999 mfanyabiashara wa Kenya alikuwa akizungushwa, leseni hii kwa afisa huyu, leseni ile kwa mwingine. Mageuzi ya serikali za mitaa ya wakati huo yakaleta kibali kimoja cha biashara, na kazi zote zikawekwa kwenye mafungu yenye nambari: biashara ya bidhaa 100, sekta ndogondogo 200, uchukuzi 300, kuendelea hadi viwanda kwenye 800. Afisa hakuhitaji kuona vitabu vya mtu. Alihesabu wafanyakazi, akapima ukubwa wa chumba, akahesabu magari yaliyoegeshwa nje, kisha akaandika risiti. Katika mji wa barabara za lami njia hiyo ilipunguza dhuluma nyingi. Serikali za mitaa zilipopisha serikali za kaunti mwaka 2013 mtindo ukarithiwa, na kila kaunti ikawa inaugusagusa kwa Sheria yake ya Fedha ya kila mwaka. Ila jedwali lililozaliwa likimwangalia mwenye lori halikuwahi kumwona mwenye shogi.

Sheria yenyewe inasema nini? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia kaunti uzoaji wa taka, majaa na utupaji wake. Ibara ya 209 inaipa kaunti njia mbili za kupata fedha: kodi chache zilizotajwa au kuidhinishwa na Bunge la taifa, na malipo ya huduma inazozitoa. Ibara ya 210 inaongeza kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa sheria. Kwa hiyo ada ya mbeba taka ina nafasi mbili tu za kusimama. Ama ni gharama ya kumsajili na kumkagua, ama ni malipo ya huduma aliyopewa, kwa mfano kutumia jaa. Ikizidi hapo imekuwa kodi iliyovaa kanzu ya leseni.

Kifungu ambacho wapangaji wa ada hukisahau ni cha 120 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kinaitaka kila kaunti iwe na sera ya bei za huduma, kisha kinataja vigezo: anayetumia huduma alipe kwa kadiri anavyoitumia, maskini asikose huduma ya msingi, bei ikaribiane na gharama halisi, ruzuku iwekwe wazi, na urejelezaji wa taka uhimizwe. Ningependa kila mjumbe wa bunge la kaunti akisome akiwa na jedwali la ada mkononi, maana vigezo hivyo vikishikwa barabara jedwali la magari halisimami.

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, si viwango vya kaunti yoyote. Tuseme kibali cha mwaka ni shilingi 5,000 kwa kila mchukuzi. Punda wa Amu akibeba kilo 50 kwa safari, kwa safari 300 katika mwaka, amebeba tani 15. Kila tani imebebeshwa shilingi 333 za kibali. Ng'ambo ya pili, Mokowe iliyo bara, lori la tani 7 likienda safari 300 limebeba tani 2,100, na kwa kibali kile kile kila tani imebeba shilingi 2 na senti. Mpandishie mwenye lori mara kumi, alipe 50,000, na bado tani yake haifiki shilingi 24. Kijana wa shogi analipa mara 14 kwa tani ile ile ya uchafu, naye ndiye pekee anayeweza kuingia ndani ya mtaa wa Mkomani, mahali ambapo lori halijafika na halitafika. Mji wa Amu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na vichochoro vyake ni sehemu ya sababu. Havitapanuliwa.

Na hapo nimemdhania mtu afanyaye kazi mwaka mzima. Lamu ina misimu. Taka huongezeka watalii wakija na Kaskazi, huongezeka tena wakati wa Maulidi, kisha Kusi ikikaza vyombo vikapungua, mikahawa nayo hufunga. Anayebeba kwa miezi mitatu, safari 60, kibali kile cha 5,000 kinamtoka shilingi 83 kila safari. Mwenzake wa mwaka mzima kinamtoka 17. Mkupuo wa mwaka humtoza zaidi aliye na kazi kidogo.

Basi tuhesabu safari? Wengi hukimbilia huko, na kwa lori pengine ni sawa. Kwa punda ni hatari. Ukimtoza mtu kwa kila safari umemwambia apunguze safari, naye atazipunguza kwa njia moja tu, ya kumjaza mnyama. Tangu mwaka 1987 shirika la kutunza punda, The Donkey Sanctuary, lina zahanati Amu, na wanaoifahamu kazi ya zahanati hiyo wanajua mgongo uliochubuliwa na mzigo mzito unavyokuwa. Wanajua pia tumbo lililoziba kwa plastiki, kwa kuwa punda wa Amu wakishafunguliwa huzurura na kula wanachokikuta. Ada ya safari ingemwumiza punda mara mbili: kwa mzigo anaobeba, na kwa ule ulioachwa njiani akaula.

Kipimo kinachobaki mkononi ni gunia, au shogi, ambalo kila mtu huko analijua ukubwa wake kwa macho. Halihitaji mizani ya kupimia magari. Mlinzi wa jaa mwenye daftari na kalamu anatosha, na malipo yakapita kwenye simu. Gunia linafaa hata pale mzigo unapobadilisha vyombo, jambo la kila siku visiwani. Fikiria chupa za hoteli iliyoko kisiwa cha Manda. Zinapanda mashua, zinavuka, zinashuka gatini Mokowe, zinapakiwa lori na kuanza safari ya zaidi ya kilomita 300 kwenda Mombasa, zikipita Tana River na Kilifi. Mwenye mashua ni mchukuzi. Kuli wa gatini ni mchukuzi. Mwenye lori ni mchukuzi. Kila mmoja akidaiwa kibali chake, chupa ile ile imetozwa mara tatu kabla haijaondoka kaunti ya Lamu, na huko mbele zipo kaunti nyingine zenye mikono. Ibara ya 209 ilikataza mapema tozo za kaunti zinazokwamisha bidhaa kuvuka mipaka. Juu ya hayo yote ipo leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa kuwa Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 haziruhusu mtu kusafirisha taka bila hiyo. Kanuni hizo ziliandikwa na mtu aliyekuwa na gari akilini, njia yake na alama ubavuni. Ni rahisi kuzitimiza ukiwa na lori lililofunikwa kuliko ukiwa na dau.

Gunia likikubalika kuwa ndilo kipimo, bado kuna swali linaloamua kila kitu: nani alilipie? Mwenye jaa akidai shilingi 20 kwa gunia getini, amemweka mchukuzi kwenye njia panda kila asubuhi. Mbele kuna geti lenye bei. Kando kuna ufuo usio na bei, na maji yanajaa mara mbili kwa siku, yanachukua. Popote duniani ada ya jaa hushindana na utupaji wa kificho, lakini bara mtu hulazimika kutafuta korongo au kiwanja kisicho na mwenyewe. Kisiwani shindano hilo liko hatua chache kutoka kila mlango. Kila shilingi inayoongezwa kwenye ada ya mchukuzi inaifanya bahari kuwa jaa la bei rahisi zaidi, na bahari hiyo, upande wa kaskazini, ndiyo Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka 1979.

Ndiyo maana nashikilia kwamba tumekuwa tukimtoza mtu asiyestahili kutozwa. Kifungu cha 120 kinasema alipe anayetumia huduma. Anayetumia huduma ya jaa ni mwenye hoteli, mwenye duka, mwenye nyumba ya wageni, aliyetoa taka ikaondoka mlangoni kwake. Mchukuzi anamtumikia huyo. Malipo ya taka yawekwe kwenye kibali cha biashara ya mtoa taka, kwa kadiri ya vyumba au viti vyake. Geti la jaa liwe bure kwa mchukuzi aliyesajiliwa, na usajili wake uwe wa bei ya kuchapisha kadi na kumkagua mara moja kwa mwaka. Fedha za watoa taka zikitosha, mchukuzi alipwe kwa gunia alilofikisha. Hapo jaa limekuwa mahali pa kupata hela, na ufuo hauna cha kumpa.

Dar es Salaam ilipita njia iliyo karibu na hii, ikajikwaa penye jiwe linalotuhusu. Mwaka 1994 halmashauri ya jiji iliikabidhi kampuni ya Multinet uzoaji wa taka katikati ya jiji. Kampuni ilitakiwa ikusanye ada yenyewe kwa wenye nyumba na maduka. Wengi hawakulipa. Mwenye kampuni hakuwa na meno ya kuwadai, na taka za asiyelipa hazikuweza kuachwa mlangoni zikioza. Halmashauri yenyewe ilivunjwa mwaka 1996, ikaja tume ya jiji chini ya Charles Keenja, na katika miaka iliyofuata kazi ikagawanywa kata kwa kata kwa wakandarasi wengi wadogo, vikiwemo vikundi vya wenyeji kama KIWODET cha akina mama. Mgawanyo ulisaidia, kwa kuwa anayedai ada mtaani kwake anajulikana na anawajua. Lakini udhaifu wa kumwacha mchukuzi mdogo awe pia mdai ada haukuisha. Kaunti inayo tayari risiti ya kibali cha kila hoteli na kila duka. Iitumie hiyo, isimtume kijana wa punda kugonga milango.

Kuna wachukuzi ambao hawatahitaji kulipwa kwa gunia, nao wanastahili safu yao. Plastiki ngumu na chuma chakavu vina wanunuzi. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda na kuzinduliwa mwaka 2018, lilitumia takriban tani 10 za plastiki chakavu, zikiwemo kandambili, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Tangu hapo hakuna aliyebaki Amu asiyejua kwamba kandambili iliyookotwa ina thamani. Maganda na matumbo ya samaki hayana. Kibali kikiwa kimoja kwa wote, kila mtu atakimbilia chupa, na kinachonuka kitabaki. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka inayooza itengwe na isiyooza tangu ilikotoka. Jedwali la ada lifuate mstari huo huo: anayebeba inayooza asamehewe hata ada ya usajili na alipwe, anayebeba inayouzika alipe usajili wake mdogo na ajitegemee sokoni. Sheria hiyo imewabebesha pia watengenezaji na waingizaji wa bidhaa jukumu la kile kinachobaki bidhaa zikishatumika, na sehemu ya fedha hizo inapaswa kufika hadi gatini Mokowe, kwa kuwa nauli ya chupa ya kisiwani ni kubwa kuliko ya chupa ya Nairobi.

Msamaha huo kwa wachukuzi wa punda usiwe wa mdomo. Ibara ya 210 inataka kila msamaha uwe na kumbukumbu ya wazi pamoja na sababu yake, na umfikie Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ahadi ya afisa haimlindi mtu afisa akihamishwa, bali mstari ndani ya Sheria ya Fedha humlinda.

Na mstari huo una wakati wake. Makadirio ya kaunti hufika kwenye bunge lake kufikia tarehe 30 Aprili. Ukishapitishwa mswada wa matumizi, Mswada wa Fedha hupewa siku 90, na kwa kawaida hizo ni Julai, Agosti na Septemba. Ndiyo miezi ya Kusi. Mtu wa visiwa vya mbali, wa Kizingitini au wa Kiwayu, anayetaka kusikizwa juu ya ada anasafiri baharini katika majira magumu, kwa nauli yake, kwa ajili ya kikao cha saa mbili. Kamati ya fedha ikafanye kikao Faza, karibu nao, na ikafanye kingine Amu saa za mchana, punda wakishapumzishwa. Kijana wa Langoni naye aende na daftari: magunia ya mwezi mmoja, siku kwa siku, yametoka mlango upi na yameishia wapi.