Ukuta wa Mazoezi: Namna ya Kupima Shule Inayofundisha Uashi

Tangu mkondo wa amali uanze kidato cha kwanza mwaka 2024, wazazi wengi Tanzania wanatafuta shule ya sekondari itakayomfunza mtoto uashi, useremala au ufundi bomba. Ukifika shuleni utaonyeshwa madarasa mapya na vyeti vilivyotundikwa ofisini. Omba upelekwe karakana, kwenye ukuta uliojengwa na wanafunzi wenyewe, kabla haujapigwa plasta. Plasta huficha mengi.

Anza na kona. Katikati ya ukuta fundi huongozwa na uzi, na hata asiye hodari huweza kupanga matofali yakanyooka. Kona hujengwa kwanza, kabla ya uzi kufungwa, na hapo mwanafunzi hana msaada ila timazi, pima maji na jicho lake. Simama karibu, fumba jicho moja, utazame ukingo kutoka chini hadi juu; ukuta ulioegama utauona hata kama hujawahi kushika mwiko. Kisha chukua futi kamba. Pima sentimita 90 upande mmoja wa kona na 120 upande wa pili, halafu unganisha alama hizo mbili. Ukipata 150, kona iko guniya, yaani pembe mraba. Ikipungua au kuzidi kwa kidole kizima, huyo mwanafunzi bado, au mwalimu wake hakupita kukagua.

Shuka kwenye viungo. Kiungo cha wima kisikae juu ya kiungo cha kozi, yaani safu ya matofali, iliyo chini yake, maana hapo ndipo ufa hupata njia. Unene wake uwe kama sentimita moja, na usawa huo uendelee kozi hadi kozi. Kiungo kinachonenepa upande mmoja ni dalili ya fundi anayesahihisha kosa la chini kwa saruji.

Jambo ninalolithamini kuliko yote ni rundo la matofali yaliyokwisha kutumika. Ukuta wa mazoezi unaweza kujengwa kwa chokaa na mchanga, au kwa udongo, ili ubomolewe, matofali yasafishwe na mwingine aanze upya. Ukikuta ukuta mmoja wa saruji umesimama miaka mingi kwa ajili ya wageni, na pembeni hakuna rundo lolote, uliza ni wanafunzi wangapi waliowahi kuugusa. Mkono haujifunzi kwa kutazama.

Zungumza na wanafunzi pia. Mpe mmoja pima maji umwombe aikague. Aliyefundishwa ataiweka juu ya ubao, atasoma povu, ataigeuza ncha kwa ncha palepale, asome tena. Povu lisipotulia mahali pale pale, kifaa kibovu. Muulize kuhusu zege. Uwiano wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto wengi wanaukariri. Msikilize akieleza kwa nini maji yasizidi wakati wa kuchanganya, na kwa nini zege likishashika lazima limwagiliwe siku 7 au zaidi. Anayejua sababu hatapotea saiti, hata msimamizi asipokuwepo.

Mwisho mtazame mwalimu. Ukimkuta anamwamuru kijana abomoe kozi tatu kwa sababu ya milimita tano, na anamwonyesha kwa timazi kosa lilianzia wapi, mwandikishe mtoto wako hapo.