Nani Aliyeshika Hatamu? Wahindu na Elimu ya Nafsi



Wazee wa pwani walisema, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Tumefanya biashara na Wahindu karne nyingi, kiatu chao tukakijua, ama waliyoyasema wanavyuoni wao juu ya akili na nafsi, wachache wetu wamejishughulisha nayo. Hii siyo desturi ya wakubwa wetu. Abu Rayhan al-Biruni, katika kitabu chake juu ya India alichokiandika kiasi cha mwaka 1030, aliyaeleza maneno yao kama wayasemavyo wenyewe, juu ya kuwa dini yao siyo yake. Nasi na tufuate adabu hiyo: kwanza tueleze, kisha tupime.

Katika Katha Upanishad, kitabu chao cha kale, mtu amepigiwa mfano wa gari la farasi. Mwili ndio gari. Macho, masikio na hisi nyinginezo ndizo farasi, na vitu vinavyotamaniwa ndizo njia wanazopita. Hatamu ni manas, yaani fahamu inayopokea habari za hisi na kuzikusanya. Mshika hatamu ni buddhi, yaani akili inayopambanua na kukata shauri. Na bwana aliyepanda garini ni atman, nafsi yenyewe. Mshika hatamu akiwa mjinga, farasi humshinda, na safari haifiki. Mfano huu ni mzuri, wala si mgeni kwetu: Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), katika Ihya ameufananisha moyo na mfalme, na viungo na askari wake.

Watu wa madhehebu ya Samkhya wakazidi kuchambua. Ishvarakrishna, katika Samkhyakarika, amehesabu vyombo 13: 10 vya nje, ndivyo hisi 5 na viungo 5 vya kutendea, na 3 vya ndani, ndivyo buddhi, manas na ahamkara. Ahamkara ni ile isemayo "mimi" na "changu". Hapa wamepiga penyewe. Nani kati yetu asiyeujua umimi huo? Mtu hutoa sadaka kwa mkono wa kulia, umimi ukaja ukaila thawabu yote.

Lakini kasoro imo katika yale yafuatayo. Wasema vyombo hivyo vyote, hata akili, vimetokana na prakriti, yaani asili isiyo na utambuzi. Ama nafsi, waiitayo purusha, ni mtazamaji tu: haitendi, haifungwi wala haifunguliwi. Wamezifananisha mbili hizi na kiwete aonaye, aliyebebwa na kipofu aendaye.

Basi tuulize: mtu akiiba, mwizi ni nani? Kipofu atasema hakuona. Kiwete atasema hakwenda. Wao hawakanushi malipo ya vitendo. Wasema athari zake hufuatana na vyombo vile kutoka uzawa hadi uzawa. Lakini malipo yasiyo na wa kulaumiwa ni deni lisilo na mdaiwa.

Na ajabu ni kuwa mfano huo huo tunao sisi. Imepokewa kwa Ibn Abbas, naye Ibn Kathir ameitaja katika tafsiri ya Surat az-Zumar, kuwa roho na mwili vitagombana Siku ya Kiyama, kila kimoja kikimtupia mwenziwe dhambi. Malaika atavipigia mfano wa kiwete na kipofu walioingia bustani: kiwete aliyaona matunda, kipofu akambeba, wakayachuma. Mkosa ni yupi? Wote wawili. Mfano ni mmoja, hukumu ni mbalimbali.

Hata Wahindu wenyewe wamo waliolikataa neno la Samkhya. Ramanuja, wa kusini ya India, alishika kuwa nafsi ni mtendaji, kwani isipokuwa hivyo, amri na makatazo ya vitabu vyao hayana maana.

Msidhani, ndugu zangu, kuwa haya ni mambo ya mbali. Majumbani mwetu baba humpiga mwana hata akamuumiza, kisha husema, "Hasira zilinichukua." Kijana huharibu amana, akasema, "Shetani alinipitia." Hayo ndiyo maneno ya kiwete yule. Hasira ni farasi, farasi haulizwi. Huulizwa aliyeziachia hatamu.

Mwenyezi Mungu atujaalie akili yenye kushika hatamu, na nafsi yenye kukiri dhambi yake. Amin.