Je, Ni “Uingizaji Hewa”? Tahakiki ya Istilahi Moja ya Injini

Wafasiri wa vitabu vya ufundi wa magari huelekea kuandika “uingizaji hewa wa kasha la kranki”. Kwa nyumba au mgodi, neno “uingizaji hewa” halina kasoro kubwa, kwa kuwa waliomo ndani huhitaji hewa safi. Ndani ya injini shabaha ni kinyume: kinachotakiwa ni gesi itoke.

Kila mara petroli inapowaka katika silinda, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushukia katika kasha la kranki. Katika injini kuukuu, ambayo ringi na kuta za silinda zimelika, gesi hizo huzidi. Zisipopata njia, shinikizo huongezeka, nayo oili husukumwa nje kupitia kwenye gasketi na sili, hata zilizo mpya. Msomaji aliyeambiwa kwamba kazi ya bomba lile ni kuingiza hewa hana sababu ya kulishuku linapoziba. Atanunua sili, baada ya muda atanunua nyingine, na mwenye kuidhinisha fedha ataidhinisha tena.

Tuchukue injini ya vali za juu iliyotiwa katika gari la Kiingereza la Morris Minor kuanzia mwaka 1952. Nyuma ya kranki yake hamna sili ya mpira kabisa. Mna mfuo uliochongwa mithili ya hesi za skrubu, unaorudisha oili ndani kranki inapozunguka. Gesi zilitoka kwa bomba lililoelekezwa chini, barabarani. Bomba hilo likiziba, mfuo hushindwa kazi. Tafsiri isemayo “badilisha sili ya nyuma” humtuma fundi kutafuta kitu kisichokuwako!

Tangu magari mapya ya mwaka 1961 huko California, gesi hizo zilianza kurudishwa zichomwe, zikifyonzwa na injini yenyewe kupitia vali maalumu. Hapo hewa safi huingia kweli, lakini huingia ili kuzifagia gesi. Kuuita mtindo huu “uingizaji hewa chanya” ni kuazima neno la hesabu na umeme mahali lisipohusika. Maana iliyokusudiwa ni kwamba gesi huvutwa, haziachiwi upepo wa mwendo. Kwa hiyo twapendekeza “utoaji gesi” kwa mtindo wa kale, na “ufyonzaji gesi” kwa huu wa vali.

“Upumuaji” ungependeza zaidi kwa sikio. Lakini mafundi wasemapo “injini inapumua” hutaja ugonjwa, yaani ringi zimekwisha, wala si busara kuita kwa jina hilo kazi ya kawaida ya injini nzima. Kwa kifaa chenyewe, “kipumulio” lafaa: “kipumulio kimeziba” hakimchanganyi mtu yeyote karakanani.

Kuhusu “kasha la kranki” hatuna pingamizi, ila mwandishi achague kati ya “kranki” na “krenki” na asizichanganye katika kitabu kimoja.