Kalamu Ndani ya Simu

Kaka yangu ana Galaxy S24 Ultra. Aliinunua mwaka jana, na kwa ninavyomjua, kalamu yake hakuwahi kuichomoa zaidi ya mara mbili, zote akiwaonyesha marafiki. Nilipojiandaa kwenda Tanga kwa bibi yetu, kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, nilimwomba tubadilishane simu kwa wiki tatu. Alikubali kwa shida. "Ikianguka," akaniambia, "wewe baki hukohuko Tanga."

Uhakiki huu umetokana na wiki hizo tatu. Kamera ya megapikseli 200 na fremu ya titani zimeshasifiwa na wengi, na mimi sina la kuongeza. Nilitaka kujibiwa swali moja tu: kalamu ile ina kazi gani, na je, kazi hiyo inastahili bei yake?

Swali hili si geni. Mwaka 2007, Steve Jobs alipoitambulisha iPhone, aliikejeli kalamu ya simu mbele ya watu wote. Kila mtu, kwa maoni yake, tayari ana vidole kumi. Miaka minne baadaye Samsung ikaleta Galaxy Note ya kwanza, yenye kioo cha inchi 5.3 na kalamu ubavuni. Wengi waliicheka kwa ukubwa wake. Leo simu nyingi za kawaida zinaipita ile kwa ukubwa, na Apple yenyewe imekuwa ikiuza kalamu ya iPad tangu 2015. Jina la Note lilipita mitihani yake, ukiwemo ule wa 2016, pale Note 7 ilipoondolewa sokoni kwa sababu ya betri kushika moto. Toleo la 2020 likawa la mwisho. Tangu 2022 kalamu imehamia ndani ya simu za Ultra, na hapo ndipo kaka yangu alipoipata bila kuitafuta.

Mimi niliihitaji kwa sababu ya daftari. Bibi yangu, ambaye umri wake unakaribia themanini, ana daftari la mashairi ya harusi aliyoyaandika yeye na mashoga zake tangu wakiwa wasichana. Limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni. Herufi za Kirumi anazisoma kwa kukokota. Mimi ni kinyume chake: herufi za Kiarabu nilijifunza ukubwani, na mwandiko wake unanishinda. Tena macho yake yanafifia. Kwa hiyo kuna daftari ambalo mwenye kulijua anaanza kushindwa kuliona, na mwenye kuliona hajui kulisoma.

Siku ya kwanza nilipiga picha kurasa zote. Kioo cha inchi 6.8 kiliukuza mwandiko hadi Bibi akauona bila kukunja uso, na hata tulipokaa barazani saa nne asubuhi, jua la Tanga halikukifuta. Sifa hiyo naitoa bila kinyongo, kwani simu yangu ningelazimika kuifunika kwa kanga ndiyo tuone kitu. Kisha nikachomoa kalamu, nikaanza kuandika juu ya kila neno vile nilivyolisoma, naye akinisahihisha kwa mdomo.

Tulifika kwenye shairi la kumuaga bibi harusi. Nikasoma kwamba binti analia kwa kumwacha papa. Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Katika mwandiko wa zamani herufi moja ya Kiarabu hubeba sauti ya b na ya p pia, na msomaji huchagua kwa akili yake. Mimi nilichagua samaki.

"Lete hicho kijiti, mke mwenzangu," akasema.

Nikampa. Hakuuliza kinashikwaje. Aliinamia simu, mkono wake umeegemea kioo, akaandika "baba" kwa herufi zake juu ya picha ya ukurasa alioujaza zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Halafu akaangalia upande wa chini wa kiganja chake.

"Haipaki," akasema.

Ilinichukua muda kuelewa. Anayeandika kutoka kulia kwenda kushoto kwa mkono wa kulia, mkono wake unafuata nyuma ya maneno aliyoyaacha, na asipokuwa mwangalifu anayapaka wino. Ni tahadhari aliyoishi nayo tangu utotoni, na sasa haikuhitajika. Akaniambia habari za ubao wa chuoni, wino wa masizi, na kuuosha ubao jioni ili kesho yake aanze upya. Tangu siku hiyo hakuiita simu tena. Alisema, "Leta ubao."

Hapa ndipo niliposhawishika kwamba kalamu ile si pambo. Bibi ana simu ndogo ya vitufe, na hajawahi kumtumia mtu ujumbe hata mmoja. Sisi wajukuu tulikuwa tukisema hajui simu. Kumbe asichokijua ni kibodi. Tulikuwa tumemhukumu mtu anayeandika tangu utotoni kwamba hawezi kuandika, kwa kuwa mlango tuliomwonyesha ulikuwa mmoja tu. Kwa siku kumi na nne zilizofuata alisahihisha kurasa arobaini na moja kwa mkono wake, na pembeni mwa baadhi akaongeza majina ya walioimba na harusi zilikoimbwa, mambo ambayo mimi nisingejua hata kuyauliza.

Kiufundi kalamu hii imetulia. Chini ya kioo kuna utando unaotoa uga wa sumakuumeme, na ndani ya kalamu kuna koili inayopokea nguvu kutoka hapo na kujibu ilipo. Ndiyo maana haihitaji kuchajiwa ili iandike. Inatofautisha ngazi 4,096 za mkandamizo, na kwa mwandiko wa Kiarabu hilo si takwimu ya tangazo: mstari wa Bibi ulinenepa pale alipokaza na ukakonda pale alipoachia. Programu ya kuandikia ina uwezo pia wa kunyoosha mwandiko uliopinda. Nilijaribu kwenye maelezo yangu, nikapenda. Kurasa za Bibi sikuzigusa. Mkono wake unatetemeka, na mtetemo huo ni sehemu ya habari ya daftari lile.

Sasa tuje kwenye lawama. Ya kwanza ni bei. Simu hii ilitoka Januari 2024 kwa takriban dola 1,300 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni tatu. Kwa mwanafunzi kama mimi hiyo inakaribia ada ya mwaka mzima. Ukitaka kalamu unalazimika kununua na titani, na kamera nne za nyuma, na nguvu ya kuchezea michezo ambayo Bibi hataicheza. Anayeuziwa kalamu katika matangazo ni mtu wa kusaini mikataba ndani ya ndege. Mwenye kuihitaji hasa yupo barazani Tanga, wala hakuna aliyemfikiria. Kampuni hiyohiyo inaweza kufanya vinginevyo: mwaka 2020 ilitoa Galaxy Tab S6 Lite, tableti ya inchi 10.4 ya bei nafuu zaidi, kalamu yake ikiwa ndani ya boksi. Kama kazi yako inafanana na yangu, anzia huko. Tableti haiingii mfukoni, lakini daftari la Bibi nalo halikuingia mfukoni.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi. Simu hii imeahidiwa masasisho ya programu kwa miaka saba, na katika ulimwengu wa simu hiyo ni ahadi ndefu. Lakini barua za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi hizihizi za Bibi, na hadi leo zimehifadhiwa Goa, India. Karatasi ile haikuhitaji sasisho. Tena simu hii haina sehemu ya kadi ya kumbukumbu. Zile za Ultra ziliachana nayo tangu 2021. Unachoandika kinabaki ndani ya kifaa, au kinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, mahali ambapo Bibi hana ufunguo. Ubao wa chuoni ulioshwa kwa makusudi. Huu wa sasa unaweza kuoshwa na nenosiri lililosahauliwa.

Kwa hiyo siku mbili kabla ya kuondoka nilizitoa kurasa zote kama PDF, nikazihifadhi mahali pawili, kisha nikaenda steshenari mjini nikazichapa kwa rangi. Bibi alizipokea, akazipitisha vidole kutafuta alama ya wino, akaziweka ndani ya kasha pamoja na daftari lenyewe.

Hukumu yangu ni hii: kalamu ni nzuri kuliko simu iliyoibeba. Kama unayo tayari, kama kaka yangu, ichomoe. Kisha umpe mtu mzima wa nyumbani kwenu, ukae kando, uone anaandika nini. Kama huna, usikope kwa ajili yake.

Kaka alinipokea stendi ya Magufuli. Aliikagua simu pembe zote, haikuwa na mkwaruzo. Usiku akanipigia: amekuta ukurasa mmoja niliosahau kuufuta, umejaa maandishi asiyoyajua.

"Hii imeandikwa nini?" akauliza.

Nikamwambia ampigie Bibi.