Sauti Mbili Katika Kibandiko cha Betri

Betri nyingi za boda za umeme zinazopita Naivasha Road kwenda Kawangware zina kibandiko, na kibandiko hicho kwa kawaida kina amri moja: tumia chaja halisi pekee. Ni andiko fupi. Lakini kwa mtu anayelala na betri hiyo chumba kimoja huko Kibera, ni zito kuliko mengi tuliyosomeshwa, na linastahili maswali yale yale tunayoyauliza shairi. Nani anasema? Anamwambia nani? Ameacha nini nje?

Msemaji hajitaji. Anaamuru tu, bila kutoa sababu. Ukisikiliza vizuri, utasikia sauti mbili ndani ya amri hiyo. Moja ni ya mhandisi anayeujua moto wa lithiamu. Nyingine ni ya mwenye mali anayelinda mapato yake. Zimebanwa katika sentensi moja, kwa hiyo mwenye boda hawezi kumtii wa kwanza huku akimhoji wa pili.

Mhandisi hasemi uongo, na ushahidi wake uko kwenye tarakimu. Chukua betri mbili, zote zimeandikwa 72V. Ya kwanza ina seli 20 mfululizo, za nikeli, manganizi na kobalti. Kila seli hujaa kwa volti 4.2, kwa hiyo betri nzima hujaa kwa 84. Ya pili ina seli 24 za chuma na fosfeti, ambazo hujaa kwa volti 3.65 kila moja. Jumla ni 87.6. Sasa fundi achukue chaja ya hii ya pili aichomeke kwenye ile ya kwanza. Kila seli inasukumwa kuelekea volti 4.38. Saketi ya ulinzi ikiwa nzima, itakata. Ikiwa imechoka, au kuna mtu aliiruka alipoifungua betri kuitengeneza, seli zitapata joto na kuvimba, na zikishika moto ndoo ya maji haitoshi. Hapo tunazungumzia chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10, chenye mlango mmoja, ukuta kwa ukuta na jirani.

Ile 72V, basi, ni wastani wa kazi. Haimwambii fundi betri inajaa wapi. Tarakimu ya kilele, 84 au 87.6, huonekana zaidi ubavuni mwa chaja, kwa herufi ndogo. Andiko moja limegawanywa juu ya vitu viwili, na chaja ikiungua au ikiibwa, nusu ya maana imeondoka nayo. Hili ndilo kosa kubwa la umbo ninaloliona hapa. Linamuumiza fundi mwangalifu kuliko fundi mzembe, kwa sababu mzembe hakukusudia kusoma.

Sauti ya mwenye mali haihitaji herufi. Iko kwenye plagi. Pini mbili nene hupitisha umeme, na plagi nyingine huongeza pini nyembamba za kupitisha mawasiliano. Betri huuliza, chaja hujibu, kama washairi wanaojibizana kwa vina walivyokubaliana. Jibu likikosa kina, umeme haupiti, hata kama volti zinalingana kabisa. Pini hizo zina kazi njema pia: kupitia hizo betri huiambia chaja ipunguze mkondo seli zinapopata joto. Ndiyo maana ni vigumu kuzilaumu. Ulinzi na kufuli vinapita kwenye waya mmoja.

Kampuni kama Ampersand na Spiro zimelimaliza swali la chaja kwa kuiondoa chaja yenyewe: dereva anabadilisha betri kituoni, na betri si yake. Pikipiki ya Roam Air, kwa upande wake, ina betri inayoweza kubebwa na kuchajiwa kwenye soketi ya kawaida. Kuchaji mwenyewe nako kuna bei yake: mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya Kenya ya kusimamia nishati, ilitangaza bei maalum ya umeme wa vyombo vya usafiri, Sh16 kwa uniti na Sh8 nje ya saa za matumizi makubwa. Lakini mpangaji wa Gatwekera, huko Kibera, anayetumia stima ya sambaza isiyo rasmi hana mita ya kuidai bei hiyo.

Kuhusu lile kufuli, Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya betri ya 2023, umeamua kwamba kuanzia 18 Februari 2027 programu isitumiwe kuzuia betri ya baiskeli ya umeme na vyombo vyepesi kama hivyo isibadilishwe kwa nyingine inayolingana nayo. Kanuni hiyo inahusu betri, haihusu chaja. Hata hivyo inaonyesha kwamba sheria inaweza kuyafikia mazungumzo ya ndani ya waya.

KEBS, shirika la viwango la Kenya, haihitaji kungoja sheria ya namna hiyo. Inaweza kudai kibandiko kilichobandikwa kwenye betri yenyewe, kwa Kiswahili, chenye sababu ndani yake: Seli 20 za nikeli, manganizi na kobalti. Hujaa kwa volti 84. Chaja ya volti zaidi ya hizo inaweza kuleta moto. Mkondo usizidi ampea 10. Usichaji betri iliyoingia maji, wala iliyotoka barabarani ikiwa ingali ya moto.