Moraa: Mganga au Nabii?

Majuzi nilipanda matatu kutoka Keroka kwenda Kisii mjini. Nyuma yangu walimu wawili walikuwa wakibishana kuhusu mchezo wa kuigiza wa wanafunzi wao. "Moraa hawezi kuingia jukwaani na mkongojo, mwalimu. Atoke kama simba!" Mwenzake akakubali. Mimi nikanyamaza, ila neno hilo limenikaa kooni.

Moraa anayezungumziwa ni Moraa wa Ngiti, wa Kitutu, eneo ambalo leo limegawanywa kati ya kaunti za Kisii na Nyamira. Masimulizi humchora akiwa ajuza. Inasemekana ndiye aliyewasuta wanaume waliouogopa utawala wa Waingereza, na ndiye aliyemchochea Otenyo kumchoma mkuki ofisa Northcote, Januari 1908.

Sasa linganisha na manabii wa Kiebrania. Musa analalamika kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hamponyi, anampa Haruni awe msemaji wake. Yeremia anajiona mtoto. Amosi wa Tekoa, mchungaji na mtunza mikuyu, anakana hata kuwa nabii. (Isaya alitakaswa midomo kwa kaa la moto, kweli, lakini yeye alilalamikia dhambi, si kigugumizi.) Udhaifu wao haufichwi, kwa sababu ndio unaomjulisha msikilizaji kuwa neno si lao.

Jirani wa karibu zaidi wa Moraa ni Debora. Baraka ana jeshi la watu 10,000, ila hatoki bila mama huyo! Aibu inazaliwa hapo. Vivyo hivyo Kitutu: mikuki iko mikononi mwa wanaume, ujasiri uko kwa ajuza. Mgeuze Moraa simba na tukio zima linapoa. Kusutwa na simba kuna aibu gani?

Hata hivyo, sitaki kumbatiza Moraa kwa nguvu. Debora alishinda, Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Wakisii waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa. Naye Yeremia aliwahimiza watu wake wakubali nira ya Babeli, kinyume kabisa cha wito wa Moraa. Mfanano uko katika jinsi masimulizi yanavyomjenga msemaji, hauendi mbali zaidi.

Lakini Kiswahili chetu nacho kinapendelea. Hulda, aliyeendewa na wajumbe wa mfalme Yosia, tunamwita nabii bila kusita. Moraa ni mganga, mpiga ramli, au mchawi kabisa ukiwasikiliza watawala wa enzi ile. Ekegusii pia kina maneno mawili. Waumini wakimsoma Isaya humwita omobani. Omoragori limeachiwa waaguzi. Nabii lenyewe tulilitoa kwenye Kiarabu, nalo ni ndugu wa navi la Kiebrania. Si mali ya kanisa wala msikiti pekee, na mimi naona linamtosha Moraa, ati kwa sababu hakuandikiwa kitabu tumnyime?

Nilitaka kuwageukia wale walimu niwaombe wamwachie mama wa watu mkongojo wake. Kumbe tumeshafika steji, nao wameshashuka, bado wakibishana, safari hii kuhusu ngozi ya simba itapatikana wapi.